Harusi ya watu 60 si dalili ya tatizo

Mtu akitangaza hapa Dar es Salaam kwamba harusi yake itakuwa ya watu 60 tu, maneno huanza hata kadi hazijachapishwa. Wameishiwa? Bibi harusi ana mimba? Wazazi wamegoma? Ni wachache wanaofikiri kwamba wawili hao walikaa chini, wakapiga hesabu, wakaamua hivyo wakiwa na akili zao timamu. Hapo ndipo tunapowaonea.

Wanaotetea harusi ya kamati, ile kubwa inayoandaliwa kwa michango ya ndugu na marafiki, nao wana hoja nzito. Mzazi aliyechangia harusi za watoto wa wenzake kwa miaka 20, kazini, kanisani, mtaani na kwenye kikundi chake, ameweka akiba kwa watu, na harusi ya mwanawe ndiyo siku ya kuvuna. Ukimwambia mwisho ni watu 60, unamzuia kudai alichotoa na unamwacha na aibu ya kuwaeleza wenzake kwa nini hawakualikwa. Tena kamati hufanya zaidi ya kukusanya fedha. Ndugu waliokuwa hawasemezani hulazimika kukaa kikao kimoja kila Jumapili, na ndoa ikiyumba baadaye, wengi wa watakaoitwa kusuluhisha ni hao hao. Anayeona majivuno matupu katika harusi kubwa hajaelewa inavyofanya kazi.

Lakini tufuate fedha zinakokwenda. Wachumba wanaotaka kubana matumizi huanzia kwenye gauni, keki au magari. Wanabishana wiki nzima kuhusu maua, wakati kinachoamua bajeti ni idadi ya vichwa. Chakula huhesabiwa kwa sahani, vinywaji kwa mgeni, mapambo kwa meza, na ukumbi huchaguliwa kwa ukubwa. Tuseme sahani ni shilingi 25,000 na vinywaji 10,000 kwa kila mtu. Wageni 300 ni 10,500,000, na bado hujamlipa mwenye ukumbi, MC, mwenye muziki wala mpiga picha. Wageni 60 ni 2,100,000. Tofauti ni 8,400,000. Kwa wanandoa wanaoanza maisha kwenye nyumba ya kodi ya 200,000 kwa mwezi, hiyo ni kodi ya miezi 42.

Nitajibiwa kwamba hizo si fedha zao, ni za wachangiaji, na bila sherehe kubwa zisingepatikana. Ni kweli, na ndiyo sababu hesabu hii inahitaji kuangaliwa vizuri zaidi. Mchangiaji wa kadi ya single, yaani ya mtu mmoja, ya 50,000 atakula na kunywa 35,000. Kinachobaki ni 15,000, na hizo ndizo zinazotegemewa kulipa ukumbi, muziki, mapambo, picha na usafiri. Wakichanga wote 300, ni 4,500,000. Hawachangi wote. Kila aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati anajua umbali uliopo kati ya ahadi na fedha mkononi. Ukumbi unataka malipo ya awali, mpishi amepewa idadi mapema, na wiki ya mwisho katibu anatuma kwenye kundi la WhatsApp orodha ya majina yenye sifuri mbele yake. Pengo hilo mara nyingi huangukia mfukoni mwa bwana harusi, kwa mkopo wa kazini au wa kikoba, na marejesho huanza mwezi wa kwanza wa ndoa. Na hapo sijagusa kitchen party wala send-off, ambako mifuko inayoguswa ni ile ile.

Gharama nyingine haihesabiwi kwa shilingi. Harusi kubwa inasifiwa kwamba ni ya watu wote, lakini mlangoni hali ni tofauti. Nimeshuhudia mama mmoja, aliyemlea bibi harusi miaka yake ya shule, akisimamishwa getini akiwa na mumewe kwa sababu kadi yao ilikuwa single. Kijana wa mlangoni hakuwa na kosa, alifuata orodha. Ilibidi mtu wa kamati atoke ndani kuwaombea, na wakati huo wafanyakazi wenzake baba mzazi, ambao bibi harusi hakuwahi kuwaona, walikuwa wameshakaa meza za mbele kwa kadi zao za double. Nafasi ilikwenda kwa aliyelipa.

Nikiweka kando ya hiyo harusi ndogo niliyohudhuria Kimara, naona kwa nini wanaoichagua hawajutii. Ilikuwa nyumbani, maturubai mawili uani, pilau imepikwa na akina mama wa mtaa kwa malipo ya makubaliano. Mjomba ndiye aliyeendesha shughuli. Baba wa bibi harusi alisema aliyotaka kusema bila kipaza sauti na bila kuambiwa muda umekwisha. Kabla ya kula, bwana harusi alichukua birika na beseni akamnawisha nyanya yake mikono, kisha wazee wengine. Ukumbini asingeweza. Angekuwa jukwaani amekaa anapigwa picha.

Wala sheria na dini hazidai ukumbi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 na mashahidi wawili. Kwa Waislamu, Mtume alimwagiza Abdurrahman bin Auf afanye walima, karamu ya ndoa, hata kwa mbuzi mmoja. Kwa upande wa Wakatoliki, kuna wanaoishi pamoja miaka, wana watoto, hawapokei komunyo, na ukiuliza kilichowazuia kufunga ndoa unaambiwa fedha za sherehe hazijatimia. Ndiyo maana baadhi ya parokia huandaa ndoa za pamoja. Hili linaniuma kuliko deni la ukumbi. Sherehe iliyokusudiwa kuipamba ndoa imegeuka kizuizi cha ndoa yenyewe.

Si kila harusi ndogo inastahili kutetewa, hata hivyo. Inayofungwa kwenye hoteli ya ufukweni Zanzibar, ambako shangazi wa Singida hawezi kujilipia nauli wala chumba, ni ndogo kwa idadi tu. Imewachuja watu kwa uwezo wao, kama ile ya kadi. Na kijana aliyesomeshwa kwa michango ya ukoo ana mzigo wa kujieleza kuliko aliyejisomesha. Orodha yake ya 60 ikikosa wazee waliomlipia ada, lawama atakazopata ni za haki.

Mengine hutegemea mpangilio, hasa muda. Wanaogombana na wazazi ni wale wanaosema baada ya kikao cha tatu, wakati ahadi zimeshaandikwa na mwenyekiti ameshapiga simu mikoani. Fedha za watu zikishapokelewa, huwezi kuwapangia wasije. Anayetaka watu 60 aseme wakati wa posa, kabla kamati haijateuliwa, akae na wazazi waandike majina pamoja, na awaachie nusu ya nafasi. Majina 30 ya wazazi yatawagharimu wachumba marafiki kadhaa, lakini baba atakuwa na jibu la kuwapa wenzake.