Tembe la Kwihara: Nyumba ya Mfanyabiashara, Jina la Mgeni

Kilomita chache kutoka mjini Tabora, katika kijiji cha Kwihara, lipo jengo la udongo lenye paa bapa na ua wa ndani ambalo Watanzania wengi wanalifahamu kwa jina moja tu: Tembe la Livingstone. Leo ni makumbusho, na jina hilo ndilo chimbuko la mjadala wenyewe. Je, nyumba iliyotokana na utajiri wa wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Wanyamwezi linaloizunguka Tabora, iendelee kumtukuza kwanza mgeni aliyeishi humo kwa takriban miezi sita, au irejeshwe kwenye historia ya biashara iliyoisimamisha?

Wanaotetea hali ya sasa hawakosi hoja. David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, alifika Kwihara Februari 1872 akitokea Ujiji pamoja na Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta. Stanley aliondoka mwezi Machi kuelekea pwani, naye Livingstone akabaki akisubiri wapagazi ambao mwenzake aliahidi kumtafutia Unguja. Walipofika Agosti, akaanza safari ya kusini iliyoishia mauti yake mwaka 1873 katika kijiji cha chifu Chitambo, katika Zambia ya leo. Mambo hayo yameandikwa kwa kina katika shajara na vitabu vya wakati ule, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu maisha ya mwenye nyumba. Tena, paa la tembe ni la udongo uliotandazwa juu ya miti, na pasipo kukarabatiwa mara kwa mara mvua hulila likaanguka. Nyumba nyingi za wafanyabiashara wa zama hizo zimekwisha kurudi ardhini. Hii imeendelea kutunzwa kwa kuwa ilimpokea mtu mashuhuri, na anayetaka jina lake liondolewe hana budi kueleza ni nani mwingine angewavuta wageni hadi Kwihara.

Hata hivyo, kulitazama jengo kupitia mlango huo mmoja kunaficha mengi mno. Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara: njia kuu ilitoka Bagamoyo hadi Ujiji, na nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Nguo, shanga, bunduki na baruti ziliingia bara. Pembe za ndovu na watumwa wakashushwa pwani. Wala Waarabu hawakuwa wa kwanza kuitumia njia hiyo, kwani Wanyamwezi walikuwa wakisafiri hadi pwani kwa biashara yao wenyewe kabla wageni hao hawajaweka makazi Tabora. Mfanyabiashara aliishi pale kwa ridhaa ya mtemi, na ridhaa hiyo ilikuwa na bei. Mtemi Mnywa Sere alipotaka kutoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara, walimpiga vita wakamwondoa madarakani mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa, na Mnywa Sere aliendelea kupambana nao hadi alipouawa mwaka 1865.

Halafu kuna mwaka 1871, ambao kwa maoni yangu ndio wenye uzito kuliko yote katika historia ya nyumba hii. Stanley alikuwa ndani yake akiwa njiani kumtafuta Livingstone wakati Mirambo, mtemi wa Urambo, alipofunga njia ya Ujiji. Stanley alijiunga na Waarabu kwenda kumshambulia Mirambo, wakashindwa vibaya, na mwezi Agosti Mirambo akaivamia Tabora na kuteketeza sehemu yake kwa moto. Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe, akajiandaa kuzingirwa. Ikilinganishwa na tukio hilo, ile miezi ya Livingstone, ya kuandika na kungoja, ndiyo yenye utulivu kuliko yote.

Hapa, lakini, wakosoaji wa jina nao wanapaswa kutahadhari. Kumrudishia nyumba tajiri aliyeimiliki ni kumpa heshima mtu ambaye, kwa kiasi kikubwa, uchumi wake ulitegemea pembe na utumwa. Kumweka Mirambo mahali pake kunavutia zaidi kisiasa, ila naye alitaka kuidhibiti biashara ileile ya pembe, na mashambulizi ya ruga-ruga wake, yaani wapiganaji wake, hayakuwa msaada kwa vijiji vilivyoshambuliwa. Ukweli mgumu zaidi ni kwamba Livingstone, adui wa biashara ya watumwa, aliishi kwa hifadhi na ukarimu wa jamii iliyoiendesha. Makumbusho yanayolifafanua hilo bila kumpaka mtu yeyote mafuta yatafundisha kuliko yanayombadilisha shujaa mmoja kwa mwingine.

Kundi lililosahaulika na pande zote mbili ni wapagazi. Bila wao mzigo usingetoka Bagamoyo, na Livingstone asingepata hatua moja kutoka Kwihara. Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa Livingstone, walipoubeba mwili wake kutoka kwa Chitambo, walipita Unyanyembe Oktoba 1873 wakakutana na msafara wa Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike hapohapo. Walikataa, wakaendelea hadi pwani. Watu wa kazi walipinga ushauri wa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, wakashinda; sioni kisa kinachostahili zaidi kusimuliwa katika vyumba vile.

Kwa hiyo singelifuta jina langoni, kwa sababu ndilo linalofahamika na gharama ya kulibadilisha haitaongeza maarifa. Ningebadilisha mpangilio wa ndani: chumba cha kwanza kiwe cha njia ya misafara na mizigo yake, kikiwataja watumwa waziwazi kama sehemu ya shehena, kifuate cha watemi wa Unyanyembe na vita vya 1871, kisha wapagazi, na Livingstone awe miongoni mwa wageni wao. Mtembezaji wageni naye aandaliwe kulijibu swali ambalo mtoto wa shule wa Tabora ana haki ya kuliuliza: mwenye nyumba alikuwa nani, na alipata wapi mali ya kuijenga?