Uhuru wa 1897 Zanzibar ulikuja na sharti: onyesha unapokaa na unachokula

Tukiongelea mwisho wa utumwa Zanzibar wengi tunataja soko la Mkunazini kufungwa 1873, halafu tunaruka moja kwa moja mpaka mapinduzi. Katikati hapo kuna amri ya Aprili 1897 ambayo haisomwi sana, na mimi naona ndo inaeleza mambo mengi kuhusu msako wa wazururaji mijini kwetu mpaka miaka ya juzi juzi. Ilitolewa kwa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed, yule aliyewekwa na Waingereza Agosti 1896 baada ya ile vita ya chini ya saa moja, kwa hiyo tusidanganyane kalamu ilikuwa ya nani. Amri ilisema mahakama hazitatambua tena haki ya mtu kummiliki mtu, safi kabisa, lakini haikumwachia mtu yeyote huru papo hapo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaombe, bwana wake alipwe fidia, masuria wakaachwa nje kwanza (mlango wao ulifunguka 1909), halafu kikaja kifungu cha 4: aliyetambuliwa kuwa huru ni lazima aonyeshe ana makazi ya kueleweka na njia ya kujikimu, akishindwa anatangazwa mzururaji.

Hebu fikiria mtu aliyepalilia mikarafuu ya mwenzake huko Pemba tangu utotoni, hana hata mnazi mmoja wa jina lake, leo kasimama mahakamani na inabidi ajibu atakaa wapi na atakula nini. Ardhi nzuri ya karafuu yote ina wenyewe, na wenyewe ndo haohao mabwana. Jibu lililo karibu ni kurudi shamba lilelile kwa makubaliano, na wengi ndivyo walivyofanya: unamfanyia mwenye shamba kazi siku tatu kwa wiki, yeye anakuacha ukae kwenye kibanda na ulime muhogo wako. Kwa hiyo sheria haikumuuliza amekosa nini, maana hajakosa kitu, ilimuuliza yuko chini ya nani. Hapo ndo ugomvi wangu na hii sheria ulipo.

Sasa upande wa pili nao usikilizwe kwa haki, maana siyo kwamba wote walioandika vile walikuwa na roho mbaya. Arthur Hardinge, balozi mkuu wa Uingereza, na Lloyd Mathews aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, walikuwa wanasisitiza mambo yaende polepole. Hoja yao ilikuwa hivi: visiwa vinaishi kwa karafuu, bei imeshashuka, wenye mashamba wamejaa madeni, ukiwaachia maelfu ya watu siku moja zao litabaki mtini, hazina ya serikali itakauka, na wazee na wagonjwa waliokuwa wanakula kwa bwana watakosa hata wa kuwapa uji. Na njaa haikuwa kitu cha kutungwa, maana mwaka uliofuata tu bara upande wa Kenya ilipiga njaa kubwa sana watu wakafa wengi. Mtawala anayeogopa kuona watu wamelala njiani bila chakula ana hofu ya kweli, siwezi kumbishia hapo.

Ila angalia pesa ilikwenda wapi. Kama tatizo ni njaa ya aliyeachiwa huru, basi msaada ungeenda kwake, hata kipande kidogo cha ardhi, hata mbegu na jembe. Fidia ilienda kwa bwana, aliyefanyishwa kazi bure miaka yote akapewa karatasi na onyo. Na isisemwe kwamba zama zile hakuna aliyewaza tofauti, wamisionari wa Quaker walifika Pemba mwaka huohuo wa 1897 wakapata shamba Banani na kuwapokea walioachiwa huru wakae na kufanya kazi pale. Nao walikuwa na masharti yao na nidhamu yao, sijasema ilikuwa pepo, lakini angalau pale mtu alianza kwa kupewa mahali.

Kuna kitu kingine ambacho wanaosema kile kifungu kilikuwa utumwa uleule uliobadilishwa jina wanakipita haraka. Shambani sheria haikuwa na nguvu kama ilivyosomeka. Mwenye shamba alihitaji mikono kuliko mikono ilivyomhitaji yeye, na watu walilijua hilo mapema sana, wakawa wanakwepa palizi inayochosha na malipo yake hayana maana, wanasubiri msimu wa kuchuma ambapo unalipwa kwa pishi na ukiwa mwepesi unaondoka na kitu. Serikali ikahangaika mpaka ikategemea vibarua wa kutoka bara, Wanyamwezi na wengine, kwa ajili ya palizi. Wengine walihamia mjini, mitaa ya Ng'ambo nje ya Mji Mkongwe ikazidi kujaa. Kwa hiyo watu hawakukaa kimya wakasubiri kuamuliwa. Lakini tishio lilibaki juu ya kichwa cha yule asiye na wa kumtolea ushahidi, na huyo mara nyingi ni maskini kuliko wote.

Bara nako ni mwendo uleule. Kenya walikuja na kipande, kuanzia 1920 hivi mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea anatembea na cheti ndani ya kikopo shingoni, polisi akikusimamisha anajua mwajiri wako ni nani. Tanganyika kulikuwa na sheria ya mafukara ya 1923, halafu Kanuni ya Adhabu ya 1930 ikaja na vifungu vya 176 na 177 vya wavivu, wakorofi na wazururaji, lugha iliyotoka moja kwa moja kwenye sheria ya Uingereza ya 1824, iliyotungwa baada ya vita vya Napoleon kwa ajili ya maskini wao wenyewe. Mwaka 1944 ikaongezwa ya kuwaondoa mijini wasiotakiwa, ukikutwa Dar huna kazi unarudishwa wilayani kwenu. Maofisa walijitetea kwamba ni kipindi cha vita, chakula kinagawiwa kwa mgao na nyumba hakuna. Ni kweli mgao ulikuwepo, lakini vita viliisha na sheria ikabaki.

Na tulipojitawala tuliendelea nayo, hili linaniuma zaidi. Msako wa Nguvu Kazi wa 1983, ule wa Tanzania wa kuwatoa mijini wasio na kazi wakalime, ulikuwa na sababu yake, uchumi umeanguka, mashamba yanahitaji watu, na kuna waliouunga mkono kwa nia njema kabisa. Ila aliyepandishwa gari Kariakoo kwa sababu hana kitambulisho cha kazi alikuwa anaulizwa lilelile swali la 1897.

Malawi Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha aina hii Januari 2017 kwenye kesi ya mchuuzi wa Blantyre aliyekamatwa alfajiri akielekea kwenye biashara yake. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko palepale Arusha ikatoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Ni maoni ya ushauri, hayamfungi mtu kama hukumu, ndo maana kazi iko bungeni. Wanaotetea wanasema polisi watabaki mikono mitupu dhidi ya vibaka. Sikubaliani, wizi una vifungu vyake, uvamizi una vyake, kupatikana na mali ya wizi nako kuna chake, na vyote hivyo vinamtaka polisi aseme huyu mtu kafanya nini.