Mwili Ambao Haukuzikwa Tabora

Tukisikia neno mumia, akili hukimbilia Misri. Ni wachache kati yetu wanaokumbuka kwamba mwili mmoja uliokaushwa ulipita hapa hapa Tabora, mabegani mwa wapagazi. Ulikuwa wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza, aliyefariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Mtumishi wake Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mwingine Zanzibar, alitoa moyo na matumbo, vikazikwa pale pale chini ya mti. Chuma, Susi na watumishi wenzao wakautia mwili chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaanza safari.

Oktoba walipofika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, walimkuta Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyekuja kumsaidia Livingstone akidhani yu hai. Akawashauri wamzike hapa. Wakakataa. Mbele, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Wapagazi wakafunga furushi la bandia, wakalirudisha Unyanyembe kana kwamba marehemu anakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na robota la nguo. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo.

Nimeanza na safari hii kwa sababu mjadala wa mumia, kama waendelee kuoneshwa makumbusho au warudishwe na kuzikwa, huelezwa kana kwamba ni ugomvi wa wasomi na washirikina. Anayetaka maiti izikwe huonekana anaogopa sayansi. Nadhani upande huo haujaeleweka.

Hoja za kuwaacha walipo zina uzito, nakubali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima mumia 137 wa Misri, Peru na kwingineko kwa mashine za CT, zinazopiga picha za ndani ya mwili, na karibu theluthi moja walikuwa na dalili za mishipa ya damu kukakamaa, maradhi tunayoyalaumu chipsi na maisha ya kukaa ofisini. Elimu hiyo isingepatikana kama wote wangeoza. Isitoshe, Wamisri wa kale walitaka majina yao yatajwe milele, na tarehe 3 Aprili 2021 Misri yenyewe iliwapitisha wafalme na malkia wake 22 katika mitaa ya Cairo, kwa heshima kubwa, kuwapeleka makumbusho mapya. Sina neno hapo. Wenye maiti ndio walioamua.

Lakini angalia Banyoles, Hispania. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mwili wa Mwafrika wa Kitswana ulisimamishwa katika kabati la kioo la makumbusho ya mji huo, ameshikishwa mkuki. Ndugu wawili wa Ufaransa, wafanyabiashara wa wanyama waliokaushwa, walikuwa wameufukua kaburini karibu mwaka 1830 na kuujaza kama ngozi ya mnyama. Daktari mmoja mzaliwa wa Haiti alipolalamika, karibu na Olimpiki ya Barcelona ya 1992, wenyeji wengi walimpinga. Marehemu aliondolewa kabatini mwaka 1997, akazikwa Gaborone, Botswana, Oktoba 2000. Jina lake halijulikani hadi leo. Niambieni, ni elimu gani iliyopotea siku ile alipozikwa?

Wazee wetu walikuwa na neno mumiani. Utotoni tulitishwa nalo: usitembee peke yako magharibi, mumiani atakunyonya damu. Neno hilo na mumia ni ndugu, asili yao ni neno la Kiajemi la lami iliyotumiwa kama dawa. Na huko Ulaya, kwa karne kadhaa, maiti za Misri zilisagwa kweli zikauzwa kwa wagonjwa wazinywe, na wachoraji wakatengenezea rangi ya kahawia. Hofu ya mumiani huchekwa. Mimi naona ndani yake mna jambo la kweli, kwamba wapo watu waliougeuza mwili wa binadamu kuwa bidhaa.

Mwaka 2023 wakfu unaosimamia makumbusho ya serikali mjini Berlin ulitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mafuvu 202 ni ya Tanzania ya leo. Si mumia, ni mifupa mitupu, lakini swali ni lile lile, na namba hii hainitoki kichwani. Watu 202 hawaenei katika mabasi matatu yanayotoka hapa alfajiri. Mgeni mmoja alibebwa na makumi ya watu, kwa miezi, akalale kwao. Hawa 202 walifungwa masandukuni wakapelekwa mbali na kwao, wapimwe upana wa vichwa. Huku kwetu mtu wa Kigoma akifia Dar es Salaam, kikao cha kwanza cha ndugu ni cha michango ya kusafirisha mwili. Hata fedha zilizokosekana kumtibu hupatikana za kumrudisha. Watu wenye desturi hiyo wakidai mafuvu yao, wanadai walichowahi kumfanyia Livingstone.

Sayansi haipotezi kitu kwa hilo. Vipimo vya vinasaba katika utafiti huo huo wa Berlin ndivyo vilivyowapata ndugu walio hai hapa Tanzania wa baadhi ya marehemu hao. Na mwili uliopita Tabora ulipofika London ulichunguzwa kwanza. Daktari William Fergusson aliutazama mkono wa kushoto, akakuta pale ulipovunjwa na simba miaka mingi nyuma, akathibitisha kuwa ndiye. Hakuna aliyesema uwekwe kwenye kioo ili wanafunzi waendelee kujifunza. Siku chache baadaye, tarehe 18 Aprili 1874, ukazikwa Westminster Abbey, na Jacob Wainwright, mmoja wa waliopita nao hapa, akiwa miongoni mwa walioshika jeneza.