Siku ya chanjo, mama naye aulizwe anavyopumua

Hapa Bukavu, mwanamke aliyejifungua juzi akivimba miguu, akikohoa usiku na kuhema hata akitoka tu uani, kila mtu ana jibu lake. Shangazi watasema damu imepungua, apewe mchuzi. Majirani watanong'ona kwamba amepewa karuho, yaani sumu. Kwa muuguzi atapata dawa ya malaria. Moyo hautajwi, maana tumezoea kuuona kama ugonjwa wa wazee.

Kumbe upo ugonjwa wa moyo unaowapata akina mama, mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Msuli wa moyo hulegea na kutanuka, hausukumi damu vya kutosha, na maji hujaa kwenye mapafu na miguuni. Hatari huzidi kwa aliyekuwa na presha katika mimba, aliyebeba mapacha, aliyezaa mara nyingi au aliyepita miaka 30. Bara letu linaujua vizuri: kaskazini mwa Nigeria ni kati ya sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi duniani.

Jirani yangu wa Kadutu, mama wa mapacha, alikuwa akilala ameketi, mgongo ukutani, mito imepangwa nyuma yake. Akijinyoosha tu, anashtuka na kukimbilia dirisha kutafuta hewa. Nyumbani walisema watoto wanamchosha. Lakini aliyechoka kwa kunyonyesha akipata kitanda analala; huyu kitanda ndicho kilichomwamsha. Alipeleka mapacha chanjo, wakapimwa kilo, kadi zikaandikwa, na yeye aliyewabeba akipanda mlima kwa kupumzika kila hatua chache hakuulizwa neno. Ni ekografi, kile kipimo cha picha ya moyo, baadaye sana, iliyoonyesha shida.

Hapo ndipo ninapoumia. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote zinaangukia ndani ya ile miezi mitano. Mama anakuja mwenyewe, kwa miguu yake! Aulizwe: Mama, unaweza kulala chali? Unaamka usiku kwa kukosa pumzi? Miguu inavimba? Apimwe presha, na mwenye dalili hizo atumwe hospitali upesi. Ekografi ni ghali, najua, ndiyo maana maswali yatangulie. Dawa za kutoa maji na za kusaidia moyo, kama furosemidi na enalaprili, si ngeni kwa waganga wetu, ingawa enalaprili haipewi mwenye mimba. Wengi wakitibiwa mapema, moyo hupata nguvu tena.

Na mume aitwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Mimba nyingine inaweza kuuangusha moyo huo tena, hata ukionekana umepona. Aelezwe hayo na daktari mbele ya mke wake, na njia ya kuzuia mimba ichaguliwe siku hiyohiyo, kabla wakwe hawajaanza kuuliza mtoto mwingine anakuja lini.