Bodi ya Mikopo ya Baba

Hivi jamani, kuna mtu aliwahi kutuita sisi wazazi akatuuliza kama tunataka kulipia watoto chuo au tulijikuta tu tunalipa? Maana mimi sikumbuki kusaini popote. Nakumbuka kusaini cheti cha ndoa, nikasaini mkataba wa fremu ya duka, hicho kingine sijui kiliingia mlango gani.

Tatizo walituzoesha vibaya. 2016 ikaja elimu bila ada mpaka form four, tukashangilia, 2022 wakaongeza form five na six, tukashangilia tena mpaka sauti zikakauka (michango ya mlinzi na uji na mitihani ya majaribio tuiache kwanza, leo sina nguvu). Sasa mzazi umekaa miaka yote hiyo hujui ada inafananaje, mwili umeshalegea kabisa, ghafla dogo anakuja na karatasi za joining, za kujiunga na chuo. Kurasa nyingi kama hati ya kiwanja. Ada milioni moja na ushee, haya. Bima ya afya 50,400, na ile mia nne ya mwishoni ndo inaniuma kuliko hamsini yenyewe. Elfu 20 ya TCU, ile tume ya vyuo vikuu. Kitambulisho. Umoja wa wanafunzi, yaani namlipia mtu agombane na uongozi wa chuo ambao nao nawalipa mimi. Alafu kuna hela ya tahadhari. Nikauliza tahadhari ya nini, naambiwa ni akija kuvunja kitu. Kwa hiyo hapa nilipo nimeshalipia kiti ambacho bado kizima!

Na kila kimoja kina kontrol namba yake. Mimi siku hizi meseji ikiingia yenye tarakimu nyingi natokwa jasho kabla sijavaa miwani.

Mtasema si kuna mkopo wa serikali, ule wa Bodi ya Mikopo. Upo, na kijana wangu kapata, nashukuru, kapewa sehemu ya ada na bumu, ile hela ya kujikimu, juu. Ila kuuomba kwenyewe mnakujua? Ili uthibitishe kwamba huna hela inabidi uwe na hela. Fomu elfu 30, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe, kamishna wa viapo apige muhuri wake na muhuri haupigwi bure, dogo wa stesheneri anayejaza mtandaoni naye ana bei yake na ukimharakisha anakwambia mzee mtandao unasumbua. Mwenyekiti wa mtaa ndo kichekesho. Lazima asaini kwamba mimi ni mtu wa hali ya chini, na yeye mwenyewe kila siku ananiita tajiri pale dukani anapotaka sigara ya mkopo. Kasaini huku ananiangalia kwa jicho la pembeni. Toka siku ile hajaniita tajiri tena, na deni la sigara halijalipwa.

Sasa hilo bumu. 2022 walipandisha kutoka 8,500 kwenda 10,000 kwa siku, chakula na malazi, na kwa siku ukiangalia si hela ya kutisha. Ishu ni kwamba haliji kwa siku, linashuka kwa mkupuo. Mtoto wa miaka 20 ambaye juzi tu ulikuwa unamhesabia nauli ya kwenda shule unamkabidhi laki sita mkononi! Wiki ya kwanza ukimpigia hapokei, yuko bize, anakwambia yuko kwenye kipindi, na nyuma unasikia muziki. Wiki ya tatu ndo anapiga mwenyewe, sauti imekuwa ya kinyonge kama mgonjwa wa malaria, "shikamoo baba, mnaendeleaje hapo nyumbani, bibi hajambo?" Mtoto akikuulizia bibi ujue bumu limekata.

Nikamwambia sitoi. Nimekaza, mwanaume. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana mpaka Ikulu kugomea jeshi la kujenga taifa, na Mwalimu Nyerere alivyochukia akakata mshahara wake mwenyewe asilimia 20 palepale, na wanafunzi karibu 400 akawarudisha makwao. Nikasema huyo ndo mzazi, hana mchezo. Basi na mimi nikajaribu kuwa Nyerere. Unajua Mwalimu alinizidi nini? Ikulu hakukuwa na M-Pesa. Mimi nakata huku, mama watoto anatuma kule, tena anaongeza na ya kutolea! Na hela yenyewe imetoka kwenye droo ya duka langu, kwa hiyo nimegoma kutoa na nimetoa, na makato juu.

Kijiweni ndo hawanisaidii kabisa. Kuna mzee mmoja mstaafu pale tunacheza naye drafti, ukigusia tu habari ya ada anakaa vizuri anakunja nne, "kumsomesha mtoto ni wajibu wa mzazi, bwana mdogo." Huyu alisoma chuo miaka ya sabini! Ada serikali, kula serikali, kulala serikali, hadi kurudi likizo kwao anapewa waranti ya treni, anapanda behewa kama waziri, baba yake mzazi alichochangia ni dua. Sera ya kuchangia gharama imekuja miaka ya tisini wenzake washakuwa na vitambi maofisini. Leo ananifundisha mimi wajibu. Nikamla kete tatu kwa hasira na bado haikuniridhisha.

Alafu tuulizane kisheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Wangu kamaliza form six na 20, ana ndevu kunizidi, kura anapiga. Kwa hiyo kwa mujibu wa sheria mimi nasomesha mtu mzima mwenzangu. Nikalitoa hilo kijiweni nikijua nimeua mjadala, akaibuka jamaa mwenye shemeji Ujerumani, anasema kule vyuo vya serikali kwa sehemu kubwa havina ada, nikasimama kutaka kuuliza viza, akanimalizia kwamba ila sheria yao inamlazimisha mzazi amtunze mtoto mpaka amalize fani yake ya kwanza, na mtoto anaweza kukupeleka mahakamani. Nikakaa. Marekani nako hata 18 hakukusaidii, fomu ya kuomba msaada wa serikali inamhesabu mwanafunzi ni tegemezi wa wazazi mpaka afike 24, labda awe ameoa au ana sababu nyingine maalumu. Yaani bia anaruhusiwa kununua akiwa na 21 ila ada anabaki mtoto wa baba miaka mitatu mbele. Kumbe hii shida haina nchi.

Lakini kinachoniuma hata sio wazungu, ni ndugu. Nilipoona mambo yamekaza nikafungua grupu la WhatsApp, nikaliita "Ada ya Kijana Wetu", nikaadi ukoo mzima, shangazi, mashemeji, binamu wa Tunduma. Kimya. Tiki za bluu zimejaa mwanzo mwisho, hakuna anayekohoa. Mjomba akatuma emoji ya mikono ya kuomba, sijui ananiombea au anaomba nimtoe. Wakaanza kuleft mmoja mmoja kistaarabu, usiku usiku, kama watu wanaotoroka geto lenye deni la kodi. Ukoo huo huo, mwezi huo huo, binamu yetu alikuwa anaoa! Grupu la harusi lina mwenyekiti, lina mweka hazina, lina kamati ya vinywaji, kadi single 50, double 100, na ukichelewesha ahadi yako unatajwa jina hadharani asubuhi kabla hujanywa chai. Kuna shangazi aliniambia hana hata mia ya vocha, kule kaahidi laki mbili na keki. Watu wamechanga mamilioni kwa pilau la usiku mmoja, na maspika yanapiga mpaka mnashindwa kusalimiana. Siku nyingine nitaandika "kamati ya sendoff ya kijana wetu", nichangishe vizuri, watu wavae sare, MC tumwite, waje wamkute bwana harusi ana begi la madaftari anapanda basi la Dodoma.

Na hapa ndo hoja yangu ilipo, wala simkatai mtoto kusoma. Serikali ikikopesha inajua itarudishaje. Toka 2016 mnufaika akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara kabla hajauona, mwajiri ndo anakata, hakuna cha nitakuona mwisho wa mwezi. 2021 Mama Samia kwenye Mei Mosi kule Mwanza akawaondolea ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, vijana wakapumua, safi sana. Sasa mimi asilimia yangu iko wapi? Nimeweka ada iliyobaki, chumba, godoro, laptopu (ambayo ya kwanza iliibiwa, ya pili "imekufa ubao"), na nauli za kwenda na kurudi. Dukani kwangu nimebandika ukutani KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA, mteja wa chumvi namwandika kwenye daftari na tarehe, ila huyu anayebeba mamilioni hayumo kwenye daftari lolote. Kesho akipata kazi, serikali inachukua 15 yake, TRA inachukua yake, mpenzi wake anachukua yake, kisha naletewa mimi kitenge cha mama na shati langu la mikono mirefu lisilonitosha.

Basi likizo hii nikamwekea mkataba mezani. Nimeuandika kwa kalamu nyekundu, heshima tu, asilimia 5, wala si 15, riba hakuna, adhabu hakuna, aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kupata kazi. Dogo kausoma wote, chuo kimemsaidia bana, akaniuliza, "baba, sasa mdhamini wangu ni nani?" Nikakuta jibu ni mimi. Mama'ke akautwaa ule mkataba, akasema sawa, na yeye analeta wa kwake, mimba miezi tisa, kunyonyesha miaka miwili, kuamka usiku miaka haihesabiki, na mdaiwa wa kwanza atakuwa mimi kwa sababu nilikuwa nakoroma. Ule mkataba siku hizi anafungia vitunguu maji dukani, robo robo.

Nikasema yaishe, huyu bado kidogo tu amalize. Juzi wa pili ambaye yuko form six PCB (fizikia, kemia, baiolojia) kaja dukani, kachukua soda bila kulipa, kakaa juu ya kreti, anasema baba nimeamua nataka kusoma udaktari. Udaktari ni miaka mitano, na mwaka mwingine wa mafunzo hospitali juu yake. Nikamuuliza kwa upole kabisa, mwanangu, hivi cheti cha miezi sita cha kuendesha greda wewe kimekukosea nini?