Magomeni Ipi?

Mgeni wa Dar es Salaam humtambui kwa begi. Muulize anakwenda wapi. Atakwambia "Magomeni," kisha ananyamaza, kana kwamba kamaliza. Dereva wa bodaboda atamtazama kwa huruma: "Magomeni ipi?" Maana kuna Mapipa, kuna Mikumi, kuna Usalama, kuna Kagera, kuna Makuti, kuna Mwembechai, kuna Kota. Mimi nimepanga hapa mwaka wa kumi na tisa huu, na hayo mapipa sijawahi kuyatia machoni. Na Usalama ndipo nilipoibiwa simu. Mara mbili.

Sasa mjomba wangu si mgeni, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mjomba aliingia Magomeni mwaka 1974, mwaka ule ule UDA, shirika la mabasi ya mjini, ilipoanzishwa, akakaa wee mpaka akachoka, akarudi Songea. Kichwani mwake mji umesimama vile vile alivyouacha. Aliponipigia kwamba anakuja kutibiwa macho, nikaanza kumwelekeza. Hata sijafika mbali, kanikata: "Mpwa, unielekeze Magomeni mimi? Nani alikushika mkono kukuvusha Barabara ya Morogoro?"

Nikamwambia mjomba, siku hizi nyumba zina namba. Kweli zinazo, tulipewa vibao kwenye lile zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022. Changu nimekikariri kama namba ya kitambulisho. Lakini nani anakitumia? Kijana aliyekuja kukipigilia misumari, alipomaliza, bosi wake alimpigia simu kumuuliza yuko wapi. Akanigeukia: "Eti kaka, hapa ni karibu na wapi?"

Basi mjomba kashuka kwenye basi, kapanda bajaji, kamwambia dereva kwa sauti ya mwenye mji: "Kota!" Nusu saa baadaye simu inaita. "Mpwa, huyu kijana kanileta hospitali."

"Unaona nini hapo, mjomba?"

"Maghorofa. Yana lifti. Kota ziko wapi?"

"Ndizo hizo. Zimesimama wima."

Ikabidi nimsimulie hapo hapo kwenye simu, salio linaungua. Kwamba zile nyumba za chini alizozijua zilivunjwa miaka ya mwanzo ya 2010, kaya 644 zikatawanyika kila mmoja na godoro lake, kiwanja kikaota majani tukawa tunapita pembeni tunatikisa vichwa. Kwamba mwaka 2016 Rais Magufuli akaahidi wenyewe watarudi, na Machi 2022 Rais Samia akaja kuyazindua hayo maghorofa. Mjomba alisikiliza yote kwa utulivu. Halafu nikamsikia anamuuliza mlinzi: "Na mbuzi nao wanapanda lifti?"

Nikamfuata. Nimemleta kwangu, na kwangu afadhali alipatambua, maana nyumba ya Kiswahili ni ile ile. Baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo. Vyumba sita, familia sita, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Hii LUKU ndiyo itakayoniua. Tunachangia kwa vichwa. Yule mama wa chumba cha mbele ana friji mbili za barafu za biashara, lakini ana kichwa kimoja, kwa hiyo analipa cha mtu mmoja. Mjomba hajavua hata kiatu, mama kachungulia: "Karibu baba, shikamoo." Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Jirani, mmeongezeka eh?" Mzee haoni vizuri, taa haimsaidii chochote, lakini kichwa ni kichwa.

Kesho yake akahamia barazani. Na barazani ndipo mjomba alipokuwa mwanahistoria. Vijana wanaosubiri abiria wakamzunguka, muuza kahawa akasogeza jiko, mimi nikipita kwenda kazini naambiwa, "Mpwa, keti, usikilize mambo." Anawaeleza kwamba yeye na Mwalimu Nyerere walikuwa majirani. Sasa ni kweli Mwalimu alikaa Magomeni, nyumba yake ipo hadi leo na ni makumbusho. Lakini alikaa kabla ya uhuru! Mjomba anaingia 1974, Mwalimu ni Rais wa zaidi ya miaka kumi, Magomeni kashaiacha kitambo. Nilipojaribu kusema hivyo, muuza kahawa akanitolea macho: "Kaka, muache mzee amalize." Na vikombe vyake vyote vitano mjomba aliniandikia mimi.

Macho yalitibiwa kwa siku mbili. Tiketi ya Songea nikakata. Usiku wa kuamkia safari, mvua. Asubuhi bonde la Msimbazi limejaa, maji yamepanda Jangwani, barabara imefungwa. Mimi hili jina huwa linanitia hasira. Jangwa gani linalofurika? Mwaka 2011, Desemba, lilifurika mpaka watu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, na jina likabaki vile vile, Jangwani, kama dhihaka. Mabasi ya Songea hayapiti hata huko, lakini mjomba alisikia redio ya jirani inasema barabara imefungwa, akarudisha begi uvunguni. "Siwezi kusafiri na mafuriko, mpwa. Macho mapya haya." Maji yalikauka siku ya tatu. Mjomba yupo wiki ya tatu.

Juzi nimetoka Kariakoo usiku, nimebeba unga wa kilo kumi (mjomba ana hamu ya kula, macho yamemfungua na tumbo), nikamsimamisha bodaboda. Nikamwambia Magomeni. "Magomeni ipi?" Nikamtajia mtaa, hajui. Nikamtajia namba ya kibao, akacheka. Nikamtajia msikiti, duka la dawa, nyumba yenye geti la kijani. Hapana. Nikamwambia nimekaa pale miaka kumi na tisa, kila mtu ananijua. Akaniangalia vizuri, hanijui.

Kwa kuchoka tu nikasema, "Ile nyumba yenye mzee wa Songea barazani."

"Aaah! Kwa jirani yake Nyerere? Si ungesema tangu mwanzo? Panda."