Shangazi, Nilishamaliza Kusoma

Kila nikirudi Mombasa kwa likizo, shangazi yangu wa Kibokoni hunipokea kwa swali lile lile, hata viatu sijavua: "Mwanangu, masomo yako hayaishi tu?" Namwambia nina shahada ya uzamivu tangu juzi na jana, na sasa nimeajiriwa kama mtafiti Ujerumani. "Ajira gani hiyo ya mkataba wa miaka miwili miwili?" Hapo hunifunga mdomo.

Neno uzamivu nalipenda. Mzamivu hushuka akaibuka na lulu, au mikono mitupu. Ila anayeendelea na "utafiti wa baada ya uzamivu" ameshaibuka, yuko juu ya maji, kashika ubavu wa jahazi na hakuna anayempandisha.

Ninachochunguza ni maada za kwanta, zile ambazo elektroni zake haziendi kila moja kivyake, bali husukumana na kufuatana mpaka kitu kizima kikabadili tabia. Chukua dioksidi ya vanadi. Chini ya nyuzi 68 hivi za Selsiasi hupitisha umeme kwa shida. Ukivuka hapo inakuwa metali. Ukiipiga kwa leza hugeuka kabla haijapita hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kilichoanza kugeuka ni elektroni au mpangilio wa atomu? Wataalamu wamebishana miaka.

Muuza kahawa wa Mji wa Kale hugonganisha vikombe vyake nawe ukasikia mlio tu. Kikombe kinavyotetema huwezi kukiona. Sisi tunagonga kwa leza, kisha tunapiga picha kwa mmweko wa eksirei. Tunagonga tena, tunaichelewesha picha kidogo zaidi, na tena, hadi picha zikipangwa zinakuwa filamu. Huko kuchelewesha tunakuhesabu kwa femtosekunde, na sekunde moja ina femtosekunde nyingi kuliko sekunde zilizomo katika miaka milioni 31. Ahmed Zewail, Mmisri, alipata Nobel ya kemia mwaka 1999 kwa kufuatilia atomu kwa kipimo hicho hicho, akitumia leza. Kwa hiyo tusiambiane haya si mambo ya Waafrika.

Mashine za kutoa mimweko hiyo ya eksirei ni chache duniani. European XFEL, inayoanzia Hamburg na kupita handakini chini ya ardhi, ina urefu wa kilomita 3.4, na hutoa hadi mimweko 27,000 kwa sekunde. Unaandika maombi, unashindana na dunia nzima, ukibahatika unapewa siku chache. Safari moja tulipewa tano. Usiku wa pili, saa tisa, sampuli yetu ndogo kuliko punje ya mchele ikapasuka. Tukabaki tunatazamana, mwenzangu akaanza kucheka ile cheko ya mtu asiyelala. Tulikuwa na ya akiba, alhamdulillahi. Siku tano zile zilituachia kazi ya miezi kumi ya kuchambua data, kwenye kompyuta, chumbani.

Miezi kumi hiyo ndiyo hoja yangu. Afrika haina hata sinkrotroni moja, ile mashine kubwa ya kuzungusha elektroni ili zitoe eksirei kali, na wanaopigania tuwe nayo nawaunga mkono. Lakini kwa nini tungoje mashine? Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilitia nanga hapa hapa Mombasa mwaka 2009. Data ikiweza kufika Hamburg, yafika na Tudor. Vyuo vyetu vya Pwani vifungue nafasi mbili tatu za watafiti wa aina hii, waende kupima siku tano, warudi kuchambua nyumbani wakiwa na wanafunzi pembeni. Mtu akishazamia asitupwe moja kwa moja kwenye madarasa ya watu mia tatu, utafiti ukafia kwenye kusahihisha mitihani.

Najua nitaambiwa tutengeneze mifereji kwanza. Kwa shangazi maji hutoka mara mbili kwa wiki, sihitaji kukumbushwa. Lakini sijaomba pesa za kuchimba handaki. Nimeomba mshahara wa mtu mmoja, kompyuta ya maana, na stima isiyokatika. (Hiyo ya tatu huenda ndiyo ghali.)

Juzi nilimweleza shangazi haya yote huku akikanda unga wa mahamri. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono.

"Basi kazi hiyo waweza kuifanya hapa barazani?"

"Kubwa yake, naweza."

"Sasa Jumapili waenda wapi?"